Kikombe cha Bosi

Jumamosi asubuhi, kabla shangazi hajamwita, Sanamu alikuwa amekwisha kutandika kitanda, kufagia mbele ya nyumba na kukaa juu ya kigoda kuosha vyombo vya jana. Aliviosha vizuri. Kila sufuria aliigeuza, akaisugua kitako mpaka kikang'aa, akaisuuza na kuiinamisha juani. Mpita njia angeona angesema, huyo ndiye mtoto. Lakini shangazi, aliyesimama mlangoni na ufagio mkononi, alitikisa kichwa.

"Mwanangu, kijiko hicho umekiosha mara ngapi?"

Sanamu akakitazama kijiko. Hakujua.

"Haya, kiache kipumue. Ingia unywe chai. Yule domokaya wako atafika sasa hivi kutupigia kelele."

Sanamu halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata darasani, baada ya mama yake kufariki. Siku ya mazishi watu walilia mpaka sauti zikawakauka, lakini yeye alisimama tu pale alipowekwa. Aliyemvuta huku alimfuata, aliyemvuta kule alimfuata. Aliporudi shuleni, wenzake walimzunguka wakamwambia pole, naye akaitikia, "Asante," kwa sauti ya mtu anayeitika jina lake wakati wa mahudhurio. Mvulana mmoja akanong'ona kuwa yule si mtu, ni sanamu. Jina likashika kama gundi. Yeye hakukasirika. Hata hasira hakuwa nayo.

Ulalie mkono wako vibaya kisha uamke, utauona ni mkono wako, una vidole vyako vyote, lakini ukiugusa hauna habari na wewe. Ganzi ya namna hiyo ilikuwa imemwingia Sanamu kifuani. Alikula, akalala, akafanya hesabu zake akapata. Jioni baba alipowakusanya kwa sala, midomo yake ilicheza pamoja na ya wengine. Maneno aliyajua yote tangu utotoni. Yalimtoka kama mtu anayesoma maandishi ya nyuma ya boksi la sabuni.

Baba mwenyewe alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache, na tangu msiba hata hayo machache alikuwa ameyapunguza. Alirudi kutoka karakana na maranda ya mbao nyweleni, akanawa, akasalisha, akalala. Nyumba ilikwenda. Hakuna kilichoharibika, hakuna kilichochangamka.

"Hodi! Hodi wenye nyumba! Mgonjwa hasubiri!"

Hiyo ilikuwa sauti ya Redio, jirani yake wa dawati. Aliitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Karibu, mwanangu," shangazi akamwambia. "Umeamkaje?"

"Shikamoo shangazi. Nimeamka na njaa, lakini siombi, nasema tu."

Shangazi akacheka, akampa kipande cha mkate. Wasichana hao wawili wakashika njia ya shule.

Mwalimu wa sayansi ndiye aliyemtia Sanamu katika Chama cha Huduma. Mwalimu huyo, mama wa makamo mwenye sauti nzito, alikuwa mlezi wa chama. Alimkuta siku moja wakati wa mapumziko amekaa peke yake darasani, daftari limefungwa mbele yake. Hakumwuliza ana nini. Alimwambia, "Jumamosi njoo nasi hospitali. Si lazima useme kitu. Birika halisemi, na watu wanalipenda."

Basi akaenda, kwa sababu ameambiwa aende.

Jina la chama lilikuwa Chama cha Huduma, lakini shule nzima iliwaita Wana-Birika. Kila Jumamosi walichukua mabirika ya chai ya maziwa na mikate kutoka kwa mpishi wa shule, wakavuka barabara mpaka hospitali, wakawanywesha wagonjwa ambao ndugu zao walikuwa mbali. Wengine waliwachana nywele wazee, wengine waliwaandikia watu ujumbe wa simu. Wavulana waliobaki uwanjani kucheza mpira walikuwa na mzaha wao ule ule kila wiki.

"Mhudumu! Niletee bili!"

"Bili utaletewa siku ukilazwa!" Redio alikuwa akiwajibu, naye hakuwahi kukosa jibu.

Chama kilikuwa na kanuni moja, na wanachama wapya walifundishwa kabla ya kushika kikombe: Anayeomba hanyimwi, ila Sista aulizwe kwanza. Waliitamka kwa sauti langoni mwa hospitali kila Jumamosi. Nusu ya kwanza ilikuwa tamu mdomoni, na waliipigia kelele mpaka mlinzi akaziba masikio. Nusu ya pili waliimeza haraka haraka, kama dawa chungu, maana miguu ilikuwa imekwisha kuanza kwenda.

Kabla ya hapo mlezi aliwasimamisha kimya kidogo. Miongoni mwao walikuwamo wa msikitini na wa kanisani, kwa hiyo hapakuwa na maneno ya pamoja. Kila mmoja alisema na Mungu wake moyoni. Redio alifumba macho kwa nguvu mpaka uso ukakunjamana. Sanamu aliangalia viatu vya wenzake. Kimoja kilikuwa kimefumuka kidoleni.

"Mwalimu," aliwahi kuuliza, "kama mtu hana la kusema je?"

"Asimame tu," mlezi alijibu. "Hata mlango huwa unasimama kabla haujafunguliwa."

Sanamu hakuelewa, lakini kusimama alikuweza.

Jumamosi hiyo yeye na Redio walipangiwa wodi ya watoto. Mlangoni Redio alimwona mama mfanya usafi, shoga yake wa kila wiki, akabaki pale kumsimulia mambo ya shuleni. Sanamu akaingia na birika. Meza ya Sista ilikuwa tupu. Sista mwenyewe, muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, alikuwa ameitwa chumba cha pili ambako mtoto mchanga alikuwa akilia kwa kukazana. Sanamu alisimama mbele ya meza kidogo, kama anavyosimama mtu mbele ya duka lililofungwa. Kisha akaendelea.

Akaanza kitanda cha kwanza. Akamimina, akagawa mkate, akafuta tone lililodondoka. Akaenda cha pili. Mikono yake ilijua kazi.

Kitanda cha dirishani kilikuwa cha Bosi. Bosi alikuwa mvulana mdogo, bado hajaanza shule, mwenye uvimbe chini ya tumbo. Tangu alazwe, wodi nzima ilikuwa chini ya amri yake. Ndiye aliyesema dirisha lifunguliwe au lifungwe, na ndiye aliyewapangia wenzake zamu ya kuchezea gari lake la plastiki. Mama yake alikuwa ametoka kwenda kuanika nguo. Kwenye chuma cha miguuni mwa kitanda palikuwa pamefungwa kadi yenye herufi nyekundu: ASILE. ASINYWE. Sanamu aliiona. Macho yaliipokea habari, lakini ndani hapakuwa na mtu wa kuisoma.

"Dada Birika," Bosi akasema kwa sauti ya chini, ambayo haikuwa kawaida yake. "Chai."

"Kikombe kikubwa au kidogo?"

"Kikubwa. Na mkate. Bosi hanywi chai kavu."

Akampa. Mtoto akanywa haraka, jicho moja liko mlangoni, mkate akausukuma kinywani wote kwa mara moja. Mtu mwingine angeshuku. Sanamu alipokea kikombe, akaenda kitanda kilichofuata.

Alikuwa bombani nje ya mlango, anaosha vikombe pamoja na Redio, aliposikia magurudumu. Sista na msaidizi wake walikuwa wanasukuma kitanda chembamba kuingia wodini. Mama yake Bosi alikuwa amerudi, anajipangusa mikono kwenye nguo.

"Haya, Bosi wangu," Sista akasema, "gari lako limefika. Leo tunakwenda kukitoa hicho kiuvimbe. Utalala, ukiamka kazi imekwisha. Hujala kitu, eti?"

Bosi akatikisa kichwa. Akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Tangu jana usiku hajatia kitu mdomoni, Sista," mama yake akaongeza. "Amenililia chai mpaka nikatoka nje nisimwone."

Kikombe kikamponyoka Sanamu, kikaanguka kwenye sinki kwa mlio. Ile kadi ilimjia mbele ya macho, herufi moja moja, kana kwamba mtu alikuwa anaiandika sasa hivi.

"Nimempa chai," akamnong'oneza Redio.

"Nani?"

"Bosi. Na mkate."

Redio, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alikosa neno. Kisha akamshika mkono kwa nguvu. "Nyamaza. Unanisikia? Nyamaza. Wakijua watatufukuza Wana-Birika wote, hatutakanyaga hapa tena. Mlezi ataaibika. Pengine haina neno. Chai tu ile, si sumu."

Kunyamaza ndiko Sanamu alikokujua kuliko kitu chochote. Alikuwa amenyamaza muhula mzima. Hakuna aliyemwona akimimina, na mtoto mwenyewe alikuwa amekwisha kukana. Angeinama tu kwenye sinki, aendelee kuosha. Alikitazama kitanda kile chembamba kikisukumwa, kikakaribia mlango. Akaona nyayo za Bosi zimejitokeza chini ya shuka, ndogo, moja juu ya nyingine. Kitu kikamchoma kifuani. Kiliuma kweli. Ilikuwa hofu.

"Amekunywa!" akapiga kelele. "Sista! Amekunywa chai! Mimi ndiye niliyempa!"

Magurudumu yakasimama.

Sista akageuka polepole, akavaa miwani yake. "Umesema nini wewe?"

"Kikombe kikubwa. Ya maziwa. Na mkate pia. Nimempa sasa hivi tu."

"Kadi hukuiona?"

"Niliiona."

"Kusoma hujui?"

"Najua, Sista."

"Mimi uliniuliza?"

"Hapana."

Bosi akaanza kulia. "Mimi nilikuwa na njaa!"

Mama yake alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Kisha akamjia Sanamu mpaka wakakaribiana nyuso. "Unataka kuniulia mtoto? Nimekukosea nini mimi? Nyinyi watoto mnakuja hapa kuchezea roho za watu?"

Sanamu hakurudi nyuma. 

Daktari wa dawa ya usingizi akaja, kijana aliyevaa kofia ya kijani. Hakupaza sauti. Alimwuliza Sanamu tena nini, kiasi gani, lini. Kisha akamweleza, kama mwalimu anavyoeleza. "Tukimpa mtu dawa ya usingizi, koo lake nalo linalala. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda juu kikaingia kwenye mapafu. Watu hufa hivyo, na hao hawakufa kwa ugonjwa uliowaleta. Ungenyamaza, tungeanza. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Basi tutamweka wa mwisho leo, tumbo likishatulia. Daktari wa upasuaji akikubali kubaki." Akaondoka.

Mlezi wa chama aliitwa, akaja mbio, akasikia yote akiwa amesimama. Sista alimsema mbele ya wanafunzi wake, naye aliinamisha kichwa akakubali kila neno. Halafu akawakusanya Wana-Birika, mabirika na vikombe vyao, warudi shule. Redio alikuwa analia waziwazi.

"Twende, mwanangu," mlezi akamwambia Sanamu.

"Mwalimu, naomba nibaki."

"Ubaki ufanye nini? Umekwisha kufanya."

"Atakuwa na njaa tena," Sanamu akasema. "Mpaka alasiri. Na mama yake atataka kutoka nje asimwone."

Mlezi akamtazama Sista. Sista akamtazama mama yake Bosi. Mama akageuza uso dirishani, lakini hakusema hapana.

"Akae," Sista akasema. "Birika liondoke."

Mlezi alimpigia shangazi simu nyumbani, kisha akaenda na wengine.

Hivyo ndivyo Sanamu alivyobaki kwenye kiti cha chuma kando ya kitanda cha dirishani, bila birika, bila kikombe, bila kitambaa cha kufutia. Jumamosi zote alizokuja hospitali alikuwa na kitu mkononi. Sasa mikono ilikuwa mitupu, naye hakujua aiweke wapi. Akaiweka magotini.

Bosi alimnunia kwanza. Kisha kununa kukamchosha.

"Umenisemea," akasema.

"Ndiyo."

"Wewe mchongezi."

"Ndiyo."

"Nataka chai."

"Hakuna."

"Wewe ndiye Dada Birika! Kazi yako kuleta chai!"

"Leo kazi yangu kukunyima."

Bosi akafikiri juu ya neno hilo. "Kazi mbaya hiyo," akasema.

"Mbaya sana."

Wakacheza na gari la plastiki, likapanda mlima wa magoti na kushuka upande wa pili. Likaanguka, likapelekwa gereji. Bosi alikuwa fundi na mwenye gereji na mwenye gari, yote yeye. Sanamu alikuwa abiria. Kila mara Bosi alipokumbuka tumbo lake alilia, na Sanamu hakumwambia nyamaza. Alikaa. Alimwangalia. Aligundua kwamba mtoto ana kovu dogo juu ya nyusi, na kwamba akitaka kulia kidevu hutetemeka kwanza kabla ya mdomo. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu amwangalie mtu kiasi hicho.

"Mama yako yuko wapi?" Bosi akauliza ghafla.

"Amekufa."

Hakuwahi kulitamka neno hilo. Wengine ndio waliokuwa wakilitamka, na kwa kulipamba: ametutoka, amepumzika.

"Alikufia wapi?"

"Hapa hapa. Wodi ya kina mama, kule ng'ambo."

"Walimpa chai?"

"Sijui. Watoto hatukuruhusiwa kuingia."

Bosi akamsogezea gari. "Shika wewe sasa. Mimi nimechoka." Akalala.

Mama yake, aliyekuwa amekaa upande wa pili akijifanya anakunja nguo, alikuwa amesikia yote.  Alipofungua chupa yake ya maji alikunywa kidogo, kisha akainyoosha kuvuka juu ya mtoto aliyelala, bila kumtazama Sanamu usoni. Sanamu akaipokea.

Alasiri daktari wa upasuaji alikubali kubaki. Magurudumu yakaja tena. Safari hii Sista aliuliza swali lake kwa Sanamu, si kwa Bosi. "Amekula kitu?"

"Hajala, Sista. Nilikuwa hapa muda wote."

Wakamsukuma kwenye ukumbi mrefu mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Bosi alikuwa ameanza kuogopa, amri zimemwisha. Mlango ukafunguka ukamchukua, ukafungwa. Mama na Sanamu wakabaki kwenye benchi.

Mama yake Bosi alikuwa na maneno ya kusali, akayasema chini chini huku akijitikisa. Sanamu alifumba macho, akajaribu yale ya nyumbani. Yakaja yale yale, yamejipanga kama viti vya darasani, yakapita. Akayaacha. Akabaki na kovu lile dogo juu ya nyusi, na kidevu kinachotangulia kutetemeka. Akavishika hivyo ndani yake kama mtu anavyoshika kitu cha moto asikiangushe. Huyu, akasema moyoni. Huyu hapa. Huyu. Hakuwa na neno jingine, wala hakulitafuta. Hakusikia sauti, hakuona mwanga. Lakini kwa mara ya kwanza tangu msiba hakujiona anasema na ukuta. Ilikuwa kama kukaa na mtu kwenye chumba chenye giza: humwoni, wala humsikii, ila unajua yupo.

Alipofumbua macho, baba yake alikuwa amesimama mbele yake na nguo zake za karakana.

Sanamu alishtuka. Tangu msiba baba hakuwa amekanyaga hospitali ile. Hata akitaka kwenda sokoni alizunguka barabara ya nyuma asipite langoni.

"Shangazi yako ameniambia," akasema. Akamsalimu mama yake Bosi, akampa pole, akamwomba radhi kwa niaba ya mwanawe.

"Mwanao amenitia moto roho asubuhi," mama yule akasema. "Lakini hakunikimbia." Akasogea kwenye benchi, baba apate nafasi.

Walikaa watatu. Hatimaye mlango ukafunguka na yule daktari wa usingizi akatoka, kofia mkononi, akasema kila kitu kimekwenda vizuri, mtoto anaanza kuamka na amekwisha kuuliza nani ameliegesha gari lake. Mama yake Bosi akacheka, akalia, akamshika Sanamu kichwani kwa mkono mzito, akaingia ndani.

Sista alikuja kuwafungulia mlango wa kutokea. Alimtazama Sanamu juu ya miwani.

"Jumamosi ijayo mje," akasema. "Mwambie mwalimu wako nimesema mimi. Ila ile kanuni yenu, kuanzia leo nusu ya pili ndiyo mtakayoipigia kelele. Nataka niisikie nikiwa huku ndani."

"Ndiyo, Sista."

"Na kumbuka. Kama si kile kinywa chako, sasa hivi ningekuwa nawaambia watu jambo jingine. Kosa umelifanya, lakini hukuliacha litembee peke yake. Nenda."

Nje, kwenye njia ya saruji kati ya majengo, jua lilikuwa limeanza kulegea. Baba alitembea polepole.

"Baba," Sanamu akasema. "Leo nimesali. Lakini sikusema yale maneno."

"Ulisema nini?"

"Nilisema, huyu. Basi."

Baba akajipangusa vumbi la mbao mkononi. "Mimi tangu mama yako aondoke nimesema maneno mengi. Kila jioni mnanisikia. Nayasema huku akili iko kwenye mbao. Nadhani Mungu amekuwa akisikia randa tu."

Sanamu hakujua kama acheke. Baba mwenyewe alitabasamu kidogo, upande mmoja.

"Nisikilize, mwanangu. Mkono wako asubuhi haukuwa mbaya. Ulimpa mwenye njaa. Ila wewe mwenyewe hukuwepo, na mtu asiyekuwepo anaweza kuua kwa wema. Hata sala ni vivyo hivyo: mwenyewe usipokuwepo, ni kelele. Hicho chama chenu hakikupewa birika ili mlibebe tu. Mlipewa ili mwende mkamwone mtu. Ukimwona mtu kweli, ukakaa naye hata pale huna cha kumpa, hapo ndipo Mungu anapokukuta. Maneno yatakuja yenyewe. Yasipokuja, umekwisha kusikika." Akakohoa. "Haya nakwambia wewe, na nayasikia mimi pia."

Walikuwa wamefika mahali njia inapogawanyika. Kushoto kulikuwa na lango. Kulia palikuwa na jengo refu lenye madirisha ya wavu.

"Baba, mama alikuwa kitanda gani?"

Baba akasimama. Sanamu akadhani amekosea kuuliza. Lakini baba akamshika mkono, akakata kulia, wakaenda mpaka dirisha la mwisho.

"Kile," akasema. "Cha pembeni."

Kitandani palikuwa na mwanamke amekaa, nywele zimesukwa nusu, nusu bado, kitana mkononi. Alihisi anatazamwa, akainua uso.

"Mnamtafuta nani?"

 Sanamu akasogea karibu na wavu.

"Hatumtafuti mtu," akasema. "Tumepita kukujulia hali, mama."

"Naendelea, mwanangu," yule mwanamke akasema, akaweka kitana chini. "Ahsanteni. Leo sijapata mgeni hata mmoja."

"Unaumwa wapi?" Sanamu akauliza, akasimama kusikiliza.